Tyubu Iliyowaka Buluu Tunduma

Imewaka! Nimetafuta neno la kuanzia lenye utulivu zaidi kuliko hilo, sikulipata. Tyubu yenye mililita 10 za maji ya kisima, maji ambayo mchana ungeyatazama ungeapa hayana hata punje ya vumbi, imewaka buluu chini ya taa ndogo ya mkononi. Buluu kali, imejaa tyubu nzima kuanzia kitako hadi shingoni. Na kilichoiwasha si betri wala rangi. Ni bakteria walio hai mle ndani, wako kazini, wanakula.

Nimewahi kuandika kuhusu simu, paneli za sola, majiko ya gesi na pampu za kumwagilia. Hakuna hata kimoja kilichonifanya nizime taa za nyumba nzima na kuita majirani usiku. Hiki kimenifanya hivyo, na naandika leo leo, moyo ukiwa bado unadunda.

Kinaitwa Colilert. Si kitu kigeni duniani: Stephen Edberg wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha tathmini yake kubwa mwaka 1988, na maabara za maji za nchi nyingi zinakitumia hadi leo. Kigeni ni kukishika mwenyewe hapa Tunduma, mpakani na Zambia, sebuleni, bila maabara na bila kuutegemea umeme. Ndani ya tyubu kuna unga mweupe kidogo sana. Unatia maji unayotaka kuyapima, unafunga kifuniko, unatikisa mpaka unga wote uyeyuke, kisha unaitunza kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 24. Baada ya hapo unasubiri giza liingie.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani ya saa hizo 24, kwa sababu hapo ndipo nilipopatwa na wazimu wa furaha.

Katika unga ule mna molekuli ambayo wanakemia huiita kwa kifupi MUG. Ina vipande viwili vilivyoungana. Kimoja ni asidi ya glukuroniki, jamaa wa karibu wa sukari. Cha pili ni methilumbeliferoni, kemikali inayong'aa buluu ikipigwa na miale ya urujuanimno, ile miale ya jua ambayo jicho haliioni. Vipande hivyo vikiwa vimeungana, mng'ao huo haupo. Akija mwenye mkasi akavitenganisha, kile cha pili kinabaki huru, na kikiwa huru kinawaka.

Mkasi huo ni kimeng'enya kiitwacho glukuronidasi, na mwenye nao ni bakteria maarufu wa utumboni, Escherichia coli. Kwa nini yeye? Ini la binadamu lina desturi ya kuvibandika asidi ya glukuroniki vitu vingi linavyotaka vitoke mwilini. Hata Panadol uliyomeza kwa ajili ya kichwa jana, sehemu yake kubwa ilipitia njia hiyo. Baadhi ya mizigo hiyo hushuka pamoja na nyongo hadi utumboni, na huko E. coli anaisubiri: anaikata, anaichukua ile asidi na kuifanya chakula. Bakteria wengi wa udongoni na majanini hawana haja na ufundi huo, kwa sababu riziki yao haitoki kwenye ini la mtu. Mwaka 1976 Kilian na Bülow waliripoti kwamba asilimia 97 ya E. coli waliowachunguza walikuwa na kimeng'enya hiki. Mwaka 1982 Peter Feng na Paul Hartman wakaonyesha kwamba ukiwapa bakteria hao MUG, watajitangaza wenyewe kwa mng'ao.

Fikiria hilo polepole. Glukuronidasi ikifanya kazi ndani ya maji ya kisima, ni alama ya utumbo. Maji hayo yamekutana na choo, au na kinyesi cha ng'ombe, mbuzi au kuku, mahali fulani chini ya ardhi au mdomoni mwa kisima. Hakuna ladha itakayokuambia, wala rangi, wala harufu. Molekuli inakuambia!

Halafu kuna jambo la uhai. Kimeng'enya chenyewe hubaki ndani ya bakteria. MUG inaingia, inakatwa, na kile kipande kinachong'aa kinatoka kuenea majini. Bakteria aliyekufa kabla ya kufika kwenye tyubu hali wala hazaliani, kwa hiyo hakuwashii chochote. Aliye hai anajigawa, wale wawili wanajigawa tena, na katika saa 24 mmoja anakuwa umati usiohesabika, kila mmoja na vimeng'enya vyake, na kila kimeng'enya kinakata molekuli moja baada ya nyingine bila kuchoka. Ndiyo maana hata E. coli mmoja ndani ya mililita 10 anaweza kuijaza tyubu nzima mwanga. Mmoja! Hakuna darubini ya kununua mpakani itakayokuonyesha bakteria mmoja kwenye kijiko cha maji.

Na taa? Hapa Tunduma imenishinda kwa furaha, maana mji huu umejaa taa hizo tayari. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu mwezi Oktoba 2019, na kwa miaka mingi kabla yake, shilingi na kwacha zimekuwa zikipishana hapa kutwa kucha. Wabadilisha fedha, maduka ya jumla na mawakala wa fedha za simu wanazo taa za kukagulia noti bandia. Taa hizo nyingi hutoa miale ya nanomita 365 hivi, na methilumbeliferoni inataka miale ya nanomita 365 hivi! Taa inayoifichua noti ya uongo inaweza kuyafichua maji ya uongo. Nilipouona mwanga ule kwa mara ya kwanza ilikuwa chini ya taa ya kuazima kutoka duka la jirani, na mwenye duka alikuja nayo mwenyewe ili asipitwe.

Angalizo kwa atakayenunua tochi: zipo za bei rahisi zinazouzwa kama za urujuanimno lakini hutoa nanomita 395. Hizo zinamwaga zambarau nyingi inayoonekana kwa macho, na zambarau hiyo inaipaka hata tyubu ya maji safi. Niliijaribu moja nikabaki nabishana na macho yangu. Tafuta ya 365. Na usimulike machoni pa mtu, hasa mtoto.

Joto la nyuzi 35 nalo lina hila tamu. Mwanabiolojia Robert Metcalf wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California huko Sacramento ameipeleka tyubu hii Afrika Mashariki akiwa na wazo ambalo nikilisikia tena natabasamu: mwili wa mtu una joto la kutosha, kwa nini ununue mashine? Unazifunga tyubu kiunoni, chini ya nguo, na unaendelea na shughuli zako. Unalala nazo. Kwa mtu wa nyanda hizi, anayeijua baridi ya Mbozi ya Juni na Julai na anayejua umeme ukikatika hauagi, hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Mwaka 2010 shirika la UN-Habitat lilichapisha mwongozo wa Metcalf na mwenzake wa namna ya kupima maji kwa njia hii nje ya maabara. Kule Nyakach ya Chini, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kikundi cha kijamii kiitwacho Friends of the Old kiliwafikishia wanavijiji vipimo hivi, na watu waliona kwa macho yao tofauti ya maji mabichi ya mto na maji yaleyale yaliyotiwa dawa.

Nami nilizifunga kiunoni. Maji ya kisima kifupi cha kuvuta kwa kamba, maji ya kisima kirefu chenye pampu, maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, maji ya dumu la muuzaji wa toroli, na tyubu moja ya maji yaliyochemshwa nyumbani ili niwe na cha kulinganishia. Kesho yake usiku, milango imefungwa, pazia zimeshushwa, taa imewashwa.

Maji yaliyochemshwa: giza. Kisima kirefu: giza. Simtanki: njano mchana, lakini usiku giza, na hilo nitalieleza. Dumu la toroli: buluu. Kisima kifupi: buluu, buluu, buluu!

Mama mwenye kisima alikuwepo. Nilikuwa nimempigia hodi mchana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza ninachofanya. Alikuja amejitanda khanga yake, amesimama kimya akiitazama ile tyubu. Kisha akaniambia, "Hebu nionyeshe tena ile ya kuchemsha." Nikaiweka ya kuchemsha kando ya ya kisima. Akazitazama zote mbili kwa muda mrefu. "Kwa hiyo kuchemsha kunawaua kweli." Ndiyo mama, kunawaua. "Miaka yote wanatuambia tuchemshe. Hakuna aliyetuonyesha." Akaomba nizimulike tena, na mara hii akawaita wajukuu.

Ile njano sasa. Ndani ya unga kuna kitambuzi cha pili kinachogeuka njano kikikatwa na kimeng'enya kingine, galaktosidasi, ambacho kundi zima la bakteria waitwao kolifomu wanacho. Kolifomu wengine wanaishi udongoni na kwenye majani makavu yaliyo juu ya bati bila kuhusiana na choo. Kwa hiyo njano peke yake ni habari ya kuchunguza zaidi. Njano inayowaka buluu gizani ndiyo ya kukufanya uweke dawa usiku huohuo. Nimependa mno kwamba maswali mawili yanajibiwa na tyubu moja, moja kwa mwanga wa jua na jingine kwa taa.

Mapungufu yapo na lazima niyataje, kwa sababu napenda kifaa hiki kiasi cha kutaka kitumike sawasawa. Shirika la Afya Duniani linataka pasiwe na E. coli hata mmoja katika mililita 100, na tyubu hii inabeba 10 tu. Ikibaki giza, umejua kwamba maji yako hayana uchafu mkubwa. Hujathibitisha kwamba ni safi kabisa. Ikiwaka, haikuambii kama ni bakteria mmoja au laki. Kwa hesabu, mwongozo ule wa UN-Habitat unaiambatanisha na Petrifilm, karatasi ya kuoteshea bakteria inayopokea mililita moja, ambayo juu yake kila E. coli huota kuwa kidoa cha buluu chenye kiputo cha gesi. Kimeng'enya ni kilekile, glukuronidasi, ila safari hii kinatoa rangi badala ya mwanga, na vidoa unavihesabu kwa kidole. Tyubu ikiwaka na karatasi ikawa tupu, hatari ni ya wastani. Karatasi ikiwa na vidoa kuanzia kimoja hadi kumi, hatari ni kubwa. Zaidi ya hapo, kubwa mno.

Kuna E. coli mmoja mkorofi, aina ya O157:H7, ambaye huwafanya watu waharishe damu lakini kwa kawaida hafanyi kazi kwenye MUG, kwa hiyo hawaki. Na vimelea vya kipindupindu si E. coli, tyubu haivipimi. Kinachopimwa ni njia ya kinyesi kuingia majini. Maji yaliyopata kinyesi cha watu wenye afya leo yanaweza kupata kinyesi cha mgonjwa kesho. Hilo si la kinadharia kwa mji wa mpakani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliisumbua nchi kwa miaka kadhaa, na ule wa Zambia ulioanza Oktoba 2023 uliua watu zaidi ya 700 upande wa pili wa barabara tunayoivuka kununua unga.

Ukichota maji ya bomba yenye klorini, iondoe nguvu kwanza hiyo klorini kwa chembe ya thiosulfeti, la sivyo dawa itaendelea kuua bakteria ndani ya tyubu na utadanganyika. Na tyubu ikishawaka usiimwage ovyo: umewalea bakteria wengi kuliko waliokuwa kisimani. Mimina Jiki ndani, acha ikae nusu saa, ndipo utupe chooni.

Baada ya usiku ule nilianza kutafuta ni wapi pengine ujanja huu wa kukinasa kimeng'enya kwa mwanga unatumika, na nikakutana na jambo lililonifanya nisimame katikati ya chumba. Kifua kikuu!

Mireille Kamariza alizaliwa Burundi, akahamia Marekani akiwa kijana, akaanzia chuo cha kijamii huko San Diego, na akafika Stanford katika maabara ya Carolyn Bertozzi, ambaye mwaka 2022 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka 2018 Kamariza na wenzake walichapisha kitambuzi kiitwacho DMN-Tre. Bakteria wa kifua kikuu hutoa nje ya mwili wake vimeng'enya vya kundi la antijeni 85. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni kujenga ganda lake la mafuta kwa kutumia sukari iitwayo trehalosi. Sisi hatutengenezi trehalosi. Bakteria huyu anaitegemea. Kamariza akaibandika trehalosi rangi ambayo ikiwa majini haiwaki, na ikizama ndani ya mafuta mng'ao wake unapanda zaidi ya mara 700. Bakteria anadanganyika. Vimeng'enya vyake mwenyewe vinaichukua sukari ile na kuichomeka kwenye ganda, na yeye anawaka mzima mzima chini ya darubini, bila hata kuoshwa. Walikijaribu kwa makohozi ya wagonjwa wa Afrika Kusini, na kikafanya kazi ndani ya saa moja.

Ona tofauti yake na tunachokijua. Rangi ya auramini inayotumika kwenye darubini za LED inampaka bakteria aliyekufa sawa na aliye hai. GeneXpert, mashine ambayo Mbeya ina heshima nayo kwa sababu watafiti wa hapo na wa Munich walichapisha tathmini yake mwaka 2011 kwa makohozi ya watu wa ukanda huu, inasoma vinasaba, na vinasaba vya mfu vinasomeka pia. Hata panya wa APOPO kule Morogoro, waliofundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi na ninaowapenda kwa dhati, wananusa harufu tu. Kitambuzi cha Kamariza kinamtaka bakteria afanye kazi ya kujenga. Alipowapa bakteria dawa za kifua kikuu, mng'ao ulipungua. Auramini haikuonyesha hivyo. Maana yake ni kwamba siku moja tunaweza kujua mapema kama vidonge vinafanya kazi kwa mgonjwa huyu, badala ya kungoja wiki za kuotesha makohozi.

Nani anahitaji hilo kuliko Songwe? Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaovuta vumbi la mwamba kule Mkwajuni na Saza, una machimbo ya makaa Ileje, na una foleni ya malori Tunduma ambayo madereva wake wanalala kwenye kabini mwezi huu hapa, mwezi ujao Lusaka au Lubumbashi. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita, na makohozi hupimwa tena mgonjwa anapomaliza miezi miwili ya kwanza.

Kitambuzi hiki bado kiko mikononi mwa watafiti. Huwezi kukiagiza leo kama ile tyubu ya maji. Lakini darubini za LED kinazozihitaji si ndoto, zipo hospitali zilizo nazo kwa ajili ya auramini. Ninachokitaka, na ninakitaka kwa sauti, ni kimfikie dereva aliyeanza vidonge Tunduma, ili mwezi wa pili ukimkuta Nakonde au Kapiri Mposhi aweze kutema kwenye kikopo asubuhi, na kabla lori halijamaliza kushusha mzigo aambiwe kama bakteria waliobaki kifuani mwake bado wanajenga.